“Ni uzee tu” si jibu kwa wazee wa Fizi na Baraka

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mvua kubwa ilinyesha katika kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, wilaya ya Fizi. Mto Kasaba ukavunja kingo zake, ukashuka na mawe, miti na matope hadi kwenye nyumba zilizokuwa kando ya Ziwa Tanganyika. Hesabu za kwanza zilitaja vifo zaidi ya 60, na baadaye viongozi wa jimbo la Kivu Kusini wakataja zaidi ya 100. Katika maelezo ya siku zile, kiongozi mmoja wa eneo hilo alisema kwamba waliokufa walikuwa hasa watoto na wazee.

Neno hilo la mwisho lilipita haraka katika habari, na halikustahili kupita hivyo. Mtoto mdogo hawezi kukimbia kwa sababu miguu yake bado haijakomaa. Kila mtu analijua hilo, ndiyo maana mama akishtuka usiku, mkono wake wa kwanza unamtafuta mtoto. Mzee naye hawezi kukimbia kwa sababu miguu yake imechoka. Lakini katika nyumba nyingi hakuna mkono uliopangwa kumtafuta. Anaachwa ajitahidi, kana kwamba bado ana nguvu za mwaka ule alipokuwa akipanda mlima na mzigo mgongoni.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wakaaji wa Fizi na Baraka wanapaswa kulizungumza. Uzee unapunguza mwendo, hilo halina ubishi. Lakini mengi yanayowakalisha wazee wa eneo hili chini si miaka yao peke yake. Ni magonjwa yasiyotibiwa, ni kulala kitandani muda mrefu bila kuinuliwa, ni kukimbizwa mbali na mashamba, na mara nyingine ni heshima yenyewe, inayowanyang’anya kazi zote za mikono na miguu. Yote hayo yanafunikwa kwa maneno matatu: “Ni uzee tu.” Maneno hayo yakishasemwa, hakuna anayetafuta dawa, hakuna anayechonga fimbo, na siku ya mafuriko au ya risasi hakuna anayekumbuka ni nani atamshika mzee mkono.

Kazi ya umri, na kazi isiyo yake

Ni vizuri kwanza kujua umri unafanya nini hasa, ili usibebeshwe makosa ambayo si yake.

Mwili wa mtu huanza kupoteza misuli polepole tangu miaka ya thelathini na kitu, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Misuli inayotangulia kupungua ni ile ya nguvu za ghafla. Ndiyo maana mzee anaweza kutembea taratibu kutoka nyumbani hadi kanisani bila shida, lakini akijikwaa kwenye jiwe anashindwa kujishika, naye anaanguka. Kijana aliyejikwaa kwenye jiwe hilo hilo hurusha mguu mbele na kuendelea na safari yake, bila hata kukumbuka kwamba nusura aanguke.

Mishipa ya fahamu nayo hupungua kasi. Nyayo hazipeleki tena habari za udongo kama zamani, sehemu ya ndani ya sikio inayosaidia mtu kusimama wima inadhoofika, na macho huona vibaya giza linapoingia. Mwili unajibu kwa akili yake wenyewe: unafupisha hatua, unapanua nafasi kati ya miguu, na unaiacha miguu yote miwili chini kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuinua mmoja. Mwendo ule wa wazee unaochekwa na watoto barabarani ni ulinzi. Mwili unajaribu kutoanguka.

Mwendo huo una maana kubwa kwa afya. Mwaka 2011, watafiti wa Marekani walikusanya takwimu za wazee zaidi ya 34,000 kutoka tafiti tisa, wakaona kwamba kasi ya kutembea inahusiana moja kwa moja na miaka ambayo mtu amebakiza. Anayetembea vizuri huishi zaidi, na anayekokota miguu huwa na tatizo mwilini linalohitaji kutafutwa. Sababu ni rahisi kuelewa. Kutembea kunahitaji moyo, mapafu, misuli, viungo, macho na ubongo vifanye kazi pamoja, na kimoja kikilegea, miguu ndiyo inayotoa habari kwanza.

Kwa hiyo mzee aliyekuwa akienda sokoni mwezi uliopita na sasa hafiki hata mlangoni hajazeeka kwa mwezi mmoja. Amepatwa na kitu. Huenda ni shinikizo la damu, ambalo wengi huliita tansio, lililoleta kupooza kidogo upande mmoja. Huenda ni ugonjwa wa sukari unaoua hisia za nyayo, mpaka mtu anakanyaga kaa la moto asisikie. Huenda ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao operesheni fupi huuondoa. Huenda ni goti lililochakaa kwa kuinama, kuchuchumaa na kubeba mizigo miaka mingi, au upungufu wa damu baada ya malaria kurudi mara kwa mara. Baadhi ya hayo yanapona na mengine yanatulizwa. Lakini hakuna hata moja linaloitwa “uzee tu”.

Kuna pia dawa zenyewe. Mzee mwenye maumivu ya magoti hununua diklofenaki kwenye famasi ya mtaani wiki baada ya wiki, bila kuonwa na muuguzi. Dawa hiyo inatuliza, lakini ikitumiwa muda mrefu inaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Vidonge vya usingizi navyo, na baadhi ya vile vya kushusha shinikizo, humfanya mtu apate kizunguzungu anapoinuka ghafla. Mara nyingi anguko la usiku kwenye njia ya choo linaanzia kwenye kidonge alichomeza jioni.

Wazee waliotembea sana

Si rahisi kupata wazee waliotembea kuliko wale wa Fizi. Wilaya hii inapanda kutoka ufuko wa ziwa hadi kwenye milima mirefu ya upande wa Itombwe na Minembwe. Kutoka Baraka, mji ulio sawa na maji, hadi Fizi-centre iliyoko juu, ni zaidi ya kilomita 30. Vizazi vizima viliipanda na kuishuka njia hiyo na muhogo, mawese na kuni mgongoni, kabla pikipiki za motari hazijafika. Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi, kwa maana katika mteremko misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki, na goti linapokea uzito mkubwa kuliko katika kupanda. Mzee anayesema “kupanda naweza, kushuka ndiyo tabu” anaeleza jambo la kweli.

Vita nayo iliwatembeza. Mtu aliyezaliwa mwaka 1955 alikuwa na miaka 41 vita ilipofika mwaka 1996. Ndiye aliyebeba watoto wawili, mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akaenda ufukweni usiku kutafuta mtumbwi wa kuvuka hadi Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo, na maelfu ya watu wa Fizi waliishi huko. Kuanzia mwaka 2005 wengi walirudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, wakaanza tena kujenga na kulima. Mtu huyo huyo sasa amepita miaka 70. Watoto aliowabeba wana wake na waume, wana pikipiki na simu, na wao ndio wenye nguvu.

Na kukimbia hakujaisha. Mapigano katika milima ya juu yameteremsha familia nyingi hadi Fizi-centre, Baraka na vijiji vya kando ya ziwa. Februari 2025, Bukavu ilipochukuliwa na waasi wa M23, watu walielekea kusini. Desemba 2025, vita ilipofika Uvira, wengine walivuka kwenda Burundi na wengine wakashuka na barabara ya kitaifa namba 5 kuelekea Baraka. Katika safari za namna hiyo, mzee ana njia tatu: kubebwa, kuachwa nyuma alinde nyumba, au kutembea kwa nguvu ambazo hana. Njia ya pili mara nyingi husemwa kuwa ni uamuzi wake mwenyewe. “Alikataa kuondoka,” watu husema. Huenda ni kweli alikataa. Lakini mzee anayejua kwamba atawachelewesha wajukuu wake barabarani anaweza kusema hataki, hali moyoni angependa kwenda.

Kufika salama nako hakumalizi tatizo. Mzee aliyekuwa akilima kila siku huko mlimani, akichota maji na kutafuta kuni, anafika Baraka katika uwanja wa familia iliyompokea. Hana shamba, hana mbuzi wala njia anayoijua. Anakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi jioni. Miezi sita baadaye watu wanashangaa kwamba aliyeshuka mlima wote kwa miguu yake sasa anashikwa mkono kwenda chooni.

Hakuna ajabu hapo. Mwaka 2007, watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee 12 wenye afya njema kwa siku 10. Kwa siku hizo 10 tu, walipoteza kwa wastani karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa, na walikuwa wanakula vizuri. Mzee wa Fizi aliyelazwa kwa malaria au homa ya mapafu, anayekunywa uji peke yake, anapoteza nini kwa wiki mbili? Homa inapona, familia inamshukuru Mungu, lakini miguu imebaki kitandani. Hakuna aliyemwambia muuguzi amwinue, wala muuguzi hakuwaambia ndugu wamtembeze hatua kumi asubuhi na kumi jioni.

Heshima inayokalisha

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na ni mgumu kuusema kwa sababu unagusa tabia nzuri. Katika desturi za eneo hili, mzee anapumzishwa. Mkamwana mwenye adabu hawezi kumwacha mama mkwe achote maji huku majirani wanaangalia. Atanyang’anya ndoo: “Mama, wewe kaa, mimi niko hapa.” Mjukuu atamletea koko maji ya kunawa mpaka kwenye kiti, chakula mpaka kwenye kiti, na jua likifika, kiti chenyewe kitasogezwa kivulini pamoja naye juu yake.

Hiyo ni heshima, na nchi isiyo na heshima hiyo ina hasara. Lakini misuli haiijui heshima. Inajua kutumika na kutotumika. Kila ndoo inayonyang’anywa ni hatua ambazo hazikutembewa, na kila sahani inayoletwa kitini ni kuinuka kumoja kulikopotea. Mwaka 2014, utafiti mwingine wa Marekani uliwafuatilia wazee 1,635 wenye miaka 70 hadi 89 ambao miguu yao ilikuwa imeanza kudhoofika. Nusu walipewa mafunzo ya afya kwa maneno, na nusu walitembezwa na kufanyishwa mazoezi ya nguvu na ya kusimama sawa. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, wale waliotembezwa walikuwa wamepungukiwa na hatari ya kushindwa kutembea mita 400 kwa karibu asilimia 18. Hawakupewa dawa wala mashine. Walitembezwa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno ya nchi tajiri, na kwamba wazee wa Fizi wamefanya kazi ngumu ya kutosha. Ni kweli wamefanya, na hakuna anayeomba mama wa miaka 75 arudishiwe furushi la kuni. Mzigo mzito unaochakaza goti ni jambo moja, na kutembea mwepesi hadi kwa jirani ni jingine. Kinachoombwa ni mzee apunguziwe uzito, lakini aachiwe hatua. Achambue sombe, afagie mbele ya nyumba, awafuate mbuzi karibu na nyumba, aende mwenyewe kwenye barza kusikiliza mashauri. Kazi ndogo yenye maana ni bora kuliko kiti kizuri chenye mto.

Chakula nacho kina neno lake. Misuli haijengwi na bugali peke yake. Katika nyumba nyingi mzee hupewa chakula laini kwa sababu ya meno: bugali na mchuzi. Samaki huenda kwa wanaofanya kazi. Ndakala wa ziwa waliosagwa, maharage yaliyopikwa yakaiva vizuri, karanga zilizotwangwa ndani ya sombe, vyote hivyo vinalika bila meno, na ndivyo vinavyoshikilia misuli ya mzee.

Kamba ya mita nne

Familia haihitaji kusubiri daktari ili kujua kama miguu ya mzee iko katika hatari. Kuna vipimo viwili ambavyo wauguzi wa nchi nyingi wanavitumia, na vyote vinawezekana katika uwanja wowote wa Baraka.

Cha kwanza ni kamba ya mita 4. Inalazwa chini, mzee anatembea pembeni yake kwa mwendo wake wa kawaida, na mtu anahesabu sekunde kwenye simu. Akitumia zaidi ya sekunde 5, kasi yake iko chini ya mita 0.8 kwa sekunde, na hiyo ni alama kwamba misuli au kitu kingine kimelegea. Cha pili ni kiti kisicho na mikono, kilichoegemezwa ukutani. Mzee anakunja mikono kifuani, anainuka na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30, mtu mwingine akisimama karibu naye ili asianguke. Kwa mwenye miaka 70 hadi 74, mwanaume asiyefika mara 12 na mwanamke asiyefika mara 10 wako katika hatari ya kuanguka.

Kipimo kikitoka vibaya, kiti hicho hicho ndicho dawa ya kwanza. Kuinuka na kukaa mara kadhaa asubuhi, mchana na jioni, kusimama kwa mguu mmoja huku mkono umeshika ukuta, na kutembea kila siku kidogo zaidi ya jana: mazoezi ya namna hiyo, ya nguvu na ya kusimama sawa, hupunguza maanguko ya wazee kwa karibu robo. Hayo yameonekana katika tafiti nyingi duniani zilizojumlishwa pamoja.

Kisha kuna fimbo. Wazee wengi wanaikataa kwa aibu, au wanatumia mti wowote uliookotwa njiani. Fimbo nzuri inafika kwenye kifundo cha mkono wakati mtu amesimama wima na mkono umening’inia. Inashikwa kwa mkono wa upande wa pili wa mguu unaouma, si upande ule ule kama wengi wanavyofanya. Chini yake panafungwa kipande cha tairi ya pikipiki ili isiteleze kwenye matope. Fundi seremala yeyote wa Baraka anaweza kuitengeneza kwa nusu saa.

Na nyumba yenyewe iangaliwe kwa macho ya anayeanguka. Njia ya choo iondolewe mawe, na mti upigwe pembeni wa kushikilia. Taa ndogo ya sola au tochi ikae karibu na kichwa usiku. Sandali zilizolegea zibadilishwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba maanguko yanaua watu wapatao 684,000 kila mwaka duniani, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wanaokufa zaidi ni wazee. Mahali ambapo nyonga iliyovunjika haipati daktari wa mifupa, anguko moja linaweza kuwa mwisho wa kutembea.

Kituo cha afya na barza ya kijiji

Vituo vya afya vya Fizi, Baraka na Nundu vimebeba mzigo mzito kwa miaka mingi: kipindupindu, malaria, surua, wajawazito, majeruhi wa vita. Misaada ilikwenda kwanza mahali kifo kilipokuwa haraka, na ilikuwa haki. Lakini mzee akija kituoni leo, mara nyingi anapimwa homa na kupewa vidonge. Hakuna anayemwomba atembee. Dakika moja ingetosha: muuguzi amwangalie akitoka mlangoni hadi kwenye kiti, apime shinikizo la damu, aangalie macho na nyayo, na aulize swali moja, kama ameanguka mwaka huu. Wale reko wanaozunguka mitaani kuhesabu watoto wa chanjo wanaweza kufundishwa kamba ile ya mita 4. Wanazijua nyumba zote, na wazee wanawajua.

Kwa waliovunjika au kukatwa mguu, njia ni ndefu. Kituo cha Heri Kwetu, kinachojulikana kwa kazi ya kuwarudishia watu wenye ulemavu uwezo wa kutembea, kiko Bukavu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Baraka kwa barabara mbovu, na vita imeifanya njia hiyo kuwa ngumu zaidi. Mji unaobeba wakaaji wake, wakimbizi wa ndani, na wakimbizi wa Burundi wa Lusenda na Mulongwe, unahitaji walau chumba kimoja hospitalini chenye mtu aliyesomea mazoezi ya viungo, na fundi wa magongo.

Serikali haiwezi kusema hili si lake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalum zinazolingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya utu. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imeongeza ulinzi kwa wenye ulemavu, na mzee asiyeweza tena kutembea ni mmoja wao. Wabunge waliochaguliwa Fizi wana la kuuliza Kinshasa, na wakuu wa mji wa Baraka wana la kuweka katika bajeti yao.

Lakini kuna jambo moja ambalo halingoji Kinshasa. Kila chefu wa kijiji na kila kiongozi wa mtaa anaweza, katika wiki moja, kuandika orodha ya watu wasioweza kukimbia. Katika mtaa wa nyumba hamsini si orodha ndefu. Mbele ya kila jina liandikwe jina la pili: la kijana wa jirani atakayekwenda kwa mzee huyo kwanza, maji yakipanda au risasi zikilia. Na liandikwe jina la tatu, kwa sababu huyo kijana anaweza kuwa ziwani usiku huo. Ijulikane pia ni motari gani wa mtaa atamchukua asiyeweza hata kusimama, na machela ya miti na blanketi iko kwa nani. Makanisa na misikiti, ambayo yanawajua waumini wao wanaokosa ibada kwa ajili ya miguu, yanaweza kusaidia kuijaza orodha na kuikumbusha kila mwanzo wa masika. Na wazee wenyewe waulizwe mapema, katika siku ya amani, njia ipi wataiweza na nani wanamwamini awashike.

Kila tarehe 1 Oktoba dunia huadhimisha siku ya wazee. Hotuba za siku hiyo husema kwamba mzee ni maktaba, ni hekima, ni mzizi. Maneno hayo ni mazuri, lakini hayamtoi mtu kwenye maji. Orodha ya mtaa inaweza kumtoa. Mvua kubwa zitarudi kwenye milima ya Fizi kama zinavyorudi kila mwaka, na mito itashuka tena kuelekea ziwani. Kabla hazijafika, kila mtaa una muda wa kutosha kuandika majina hayo, na kila nyumba ina muda wa kumrudishia mzee wake kazi nyepesi, fimbo ya kipimo chake, na samaki kwenye sahani yake.